Pima Kwanza, Filta Baadaye: Mwongozo kwa Mwanaredio wa Burnt Forest

Mwanaredio wa ridhaa anayeishi Burnt Forest ana bahati ambayo mwenzake wa Nairobi anaitamani. Mji uko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Ukiacha lami kidogo tu unaingia katika mashamba ya viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa, ambako mtu anaweza kutandika antena ya waya yenye urefu wa mita 40 bila kumwomba landilodi ruhusa. Lakini mashamba hayohayo yana fensi za stima, sola juu ya mabati, mashine za posho na taa za LED za bei ya chini. Mvua ikianza, radi za mchana na jioni hujaza bandi za chini kwa mikwaruzo. Ndiyo maana mtu akipata tu redio ya masafa mafupi, huuliza mara moja: ninunue filta gani?

Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: ni kitu gani hasa kinachokusumbua, na umekipimaje? Filta ni dawa ya ugonjwa mmoja mmoja. Iko inayotenganisha vituo viwili vilivyosongamana, iko inayozuia mtambo wa FM usilemee redio yako, na iko inayozuia redio yako isimharibie jirani matangazo. Ukinunua ya kwanza ilhali shida yako ni ya pili, pesa zimekwenda na kelele imebaki. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningemshauri mtu yeyote aufuate: sikiliza, ijue redio yako, pima, ndipo ununue.

Kabla ya yote: leseni na bandi

Nchini Kenya, leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za wito za wanaridhaa huanza na 5Z4. Chama chao ni Amateur Radio Society of Kenya, na ni vizuri kujiunga mapema kwa sababu wenye uzoefu ndio watakaokuazima kipimo kabla hujanunua chako. Kenya iko katika Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Kwa hiyo bandi ya mita 40 ni megahezi 7.0 hadi 7.2, ya mita 20 ni megahezi 14.0 hadi 14.35, na ya mita 2 ni megahezi 144 hadi 146. Ziandike namba hizi ukutani, kwa maana kila filta utakayoisoma hapa chini inahusu mipaka hiyo.

Sikiliza kelele yako hadi uitambue

Anza na jaribio lisilogharimu kitu. Iendeshe redio kwa betri ya volti 12, halafu uzime swichi kuu ya stima ya nyumba nzima. Kelele ikipotea, chanzo kimo ndani ya nyumba yako mwenyewe. Rudisha swichi moja moja, sikiliza kila unaporudisha, na mkosaji atajitaja. Mara nyingi ni chaja ya simu, taa ya LED au adapta ya ruta.

Kelele ikibaki palepale, isikilize tabia yake. Mlio mmoja mkavu unaorudi kila baada ya sekunde moja na kidogo, usiku na mchana, ni fensi ya stima. Mvumo unaoanza jua likichomoza na kufa jua likizama ni kidhibiti chaji cha sola. Mngurumo wa mfululizo unaopungua mvua inaponyesha huenda ni cheche kwenye kikombe cha nguzo ya umeme. Kelele inayoanza ghafla saa za kusaga na kukoma kinu kikizimwa haihitaji mpelelezi.

Kumfuata mkosaji mashambani, chukua redio ndogo ya AM ya kawaida, ile yenye antena ya feraiti ndani yake. Iweke pasipo na kituo na utembee. Antena ya feraiti ina upofu: ncha yake ikielekea kwenye chanzo, kelele hushuka ghafla. Geuza redio hadi sauti ipungue kabisa, na mstari wa ncha utakuonyesha upande. Fanya hivyo katika sehemu mbili tofauti, na pale mistari inapokutana ndipo penye shida.

Fensi ya stima inastahili neno la ziada kwa sababu ndiyo kelele ya kwetu. Fensi iliyo safi haipigi kelele nyingi. Kinachorusha mawimbi ni cheche: nyasi mbichi zikigusa waya, kikombe cha plastiki kilichopasuka, au kiungo kilichofungwa kwa mkono na kushika kutu. Mweleze jirani kwamba cheche hizo zinamlia nguvu ya fensi yake mwenyewe, kisha mkate nyasi pamoja na kukaza viungo. Hakuna filta ya dukani itakayokupa faida kubwa kuliko asubuhi hiyo moja.

Ijue redio uliyo nayo

Redio za ridhaa zinazopatikana katika kanda yetu, nyingi zikiwa zimetumika, huangukia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni redio za zamani zenye filta za kristali katika hatua ya IF (masafa ya kati ndani ya redio), kama Kenwood TS-830S au TS-850S. Hizi zina nafasi tupu za kuongeza filta, tena katika hatua mbili: megahezi 8.83 na kilohezi 455. Filta ya hatua moja haiingii katika hatua nyingine hata kama upana wake ni uleule.

Kundi la pili ni redio zenye nafasi moja au mbili za kuongeza filta. Icom IC-718 ina nafasi moja ya filta ya kilohezi 455, na FL-52A ndiyo ya hezi 500 kwa alama za Morse. Yaesu FT-817 na FT-818 nazo zina nafasi moja tu, kwa hiyo lazima uchague: YF-122C ya hezi 500 kwa Morse, au YF-122S ya kilohezi 2.3 kwa sauti. Ukichagua moja, umeiacha nyingine.

Kundi la tatu ni redio zinazogeuza mawimbi kuwa namba moja kwa moja kutoka antena, kama Icom IC-7300. Hizi hazina nafasi ya filta ya kristali, wala hazihitaji, kwa kuwa upana wote hupangwa kwa programu. Ukiwa na redio ya kundi hili, pesa za filta zielekeze mlangoni, yaani kati ya antena na redio, kama nitakavyoeleza.

Upana upi unakufaa?

Sauti ya SSB (ukanda mmoja wa pembeni) huhitaji kama kilohezi 2.4. Morse hutosheka na hezi 500. Ukipunguza upana, kelele iliyotapakaa hupungua kwa uwiano uleule. Kutoka kilohezi 2.4 hadi hezi 500 unapata takriban desibeli 7, faida ambayo sikio linaisikia bila shaka. Kutoka kilohezi 2.4 hadi 1.8 unapata desibeli 1.25 tu, na wakati huohuo herufi kama s na f zinaanza kufifia katika maneno ya unayemsikiliza. Filta ya kilohezi 1.8 ina maana pale tu mashindano ya mwisho wa wiki yanapojaza bandi na jirani amekukaribia mno.

Kwa hiyo uamuzi ni mwepesi. Anayepiga Morse, filta yake ya kwanza iwe ya hezi 500. Anayezungumza tu, abaki na ile iliyokuja na redio na atumie pesa kwingine. Anayetumia FT8, njia ya kutuma ujumbe kwa kompyuta, asiweke filta nyembamba kabisa: kila ishara ya FT8 ina upana wa hezi 50 hivi, lakini programu hufungua ishara nyingi kwa pamoja ndani ya kilohezi 3, na ukiufinya mlango unajifungia wenzako nje.

Filta ya hezi 250 inavutia kwenye karatasi, ila mahali penye fensi na radi huleta shida yake. Mlio mfupi mkali ukipita katika filta nyembamba hurefuka na kuvuma, na mipigo ya fensi ikianza kuvuma inafunika nukta za Morse. Kitufe cha NB, kinachonyamazisha milio mifupi, hufanya kazi vizuri pale mlio unapokuwa bado mfupi, kabla haujafika kwenye filta nyembamba. Washa NB kwanza, kisha ufinye upana kidogo kidogo.

Ukisoma maelezo ya filta, usiishie kwenye upana unaotangazwa. Huo hupimwa mahali nguvu imeshuka kwa desibeli 6. Tafuta pia upana katika desibeli 60. Tuseme filta mbili zote zimeandikwa kilohezi 2.4, lakini ya kwanza ina kilohezi 4.2 katika desibeli 60 na ya pili ina 7.2. Kituo chenye nguvu kilicho kilohezi 3 kutoka katikati kitazimwa na ya kwanza kwa zaidi ya desibeli 60, ilhali ya pili itakivujisha. Ukigawanya namba kubwa kwa ndogo unapata uwiano wa 1.75 kwa ya kwanza na 3 kwa ya pili. Kadiri uwiano unavyokaribia 1 ndivyo kuta za filta zinavyosimama wima, na hapo ndipo penye thamani ya pesa yako.

Mfano wetu: mita 40 usiku

Bandi ya mita 40 inafundisha mipaka ya filta kuliko nyingine yoyote katika Afrika Mashariki. Juu ya megahezi 7.2 kuna vituo vya utangazaji vyenye mitambo mikubwa. Na hata chini ya mpaka huo, ndani ya bandi ya ridhaa, wasikilizaji wa IARU, muungano wa kimataifa wa vyama vya redio ya ridhaa, wameripoti kwa miaka mingi matangazo ya redio ya Eritrea pamoja na kelele za kuyaziba kutoka Ethiopia, kati ya megahezi 7.1 na 7.2.

Hapa yapo matatizo mawili tofauti. Mtangazaji aliye kilohezi 5 kando yako anazuilika kwa filta yenye kuta wima. Kelele ya kuziba, ambayo imetandazwa juu ya masafa uliyokaa, haizuiliki kwa filta yoyote. Chujio la chai huzuia majani, halitoi chumvi iliyokwisha kuyeyuka. Dawa ni kuhama: teremka kati ya megahezi 7.0 na 7.1, au geuza antena ya waya ili ubavu wake usielekee kaskazini, kwa sababu waya wa nusu-wimbi ulioinuliwa juu vya kutosha husikia kidogo zaidi kwenye ncha zake.

Tatizo la tatu hujificha: mlango wa redio kulemewa. Mitambo mikubwa ikiingia pamoja, redio yenyewe hutengeneza vituo vya uongo ambavyo havipo hewani. Njia ya kuvitambua ni hii: washa kipunguza nguvu cha redio, kile kilichoandikwa ATT. Kikiwa cha desibeli 10, kituo halisi kitashuka kwa desibeli 10. Kituo cha uongo, cha aina inayosumbua zaidi, kitashuka kwa kama desibeli 30, yaani kitatoweka. Ukiona hivyo, acha ATT ikiwa imewashwa na uzime kikuzaji cha awali. Hutapoteza kitu. Katika mita 40 na 80, ukichomoa antena na kelele ikashuka sana, ujue kelele ya anga ndiyo inayotawala na redio yako inasikia zaidi ya inavyohitaji.

Filta za mlangoni na za kurushia

ATT isipotosha, ndipo ununue filta ya bandi moja, inayopitisha kwa mfano mita 40 pekee na kuzuia kilichobaki. Hakikisha inahimili nguvu unayorusha, au iweke kwenye njia ya kupokelea tu kama redio yako ina njia hiyo. Filta ya kupokelea ikirushiwa wati 100 huungua kwa sekunde chache.

Kwa redio ya mita 2 iliyo karibu na minara, mkosaji wa kawaida ni matangazo ya FM ya megahezi 87.5 hadi 108. Filta ya kuziba FM ni ndogo, si ghali, na inafaa hasa kwa redio za mkononi zilizounganishwa na antena ya nje, kwa sababu mlango wake ni dhaifu.

Filta ya kupitisha masafa ya chini, inayokata juu ya megahezi 30, haikusaidii wewe kusikia. Inamlinda jirani. Kila mtambo hurusha vivuli vya masafa yake, vinavyoitwa hamoniki. Zidisha megahezi 14.1 kwa 7 upate 98.7, katikati ya bandi ya FM. Zidisha 21.2 kwa 5 upate 106. Megahezi 145 ikizidishwa kwa 4 ni 580, ndani ya masafa ya televisheni ya dijitali. Kwa redio ya wati 100 iliyo chini ya megahezi 30, mwongozo wa ITU ni kwamba vivuli hivyo viwe chini angalau kwa desibeli 50, yaani visizidi miliwati 1. Redio za viwanda vinavyojulikana, zikiwa nzima, hutimiza hilo zenyewe. Redio iliyotengenezwa nyumbani, kikuzaji cha nguvu cha bei rahisi, au redio iliyopita mikononi mwa mafundi wengi vinahitaji filta hii pasipo mjadala.

Usisahau feraiti. Pete ya feraiti iliyozungushiwa waya hukata mawimbi yanayotambaa juu ya ganda la koaksi au waya wa chaja. Kwa bandi za masafa mafupi tafuta aina ya 31, na kama haipo, ya 43. Nguvu ya kuzuia hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko, hivyo mizunguko minne katika pete moja inazidi kwa mbali pete nne zilizopitiwa na waya mara moja moja. Weka moja antena inapoanzia na nyingine kwenye waya wa kidhibiti cha sola.

Vifaa vya kupimia, kwa mpangilio wa kuvinunua

*Mzigo bandia.* Hiki kitangulie filta zote. Ni kifaa cha omu 50 kinachomeza nguvu ya redio badala ya antena, ili ujaribu bila kumsumbua yeyote hewani. Unaweza kukitengeneza: rezista 20 za kilo-omu 1, za wati 2 kila moja, zikiunganishwa sambamba hutoa omu 50 na kuhimili wati 40. Chagua za kaboni au oksaidi ya chuma. Zile za waya uliozungushwa ni koili, na hazifai. Kumbuka pia mwinuko wetu: hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama moja ya tano, na hewa nyepesi hupoza kwa uvivu. Kifaa kilichoandikwa wati 40 kihesabu kuwa cha wati 30, na kirushie kwa vipindi vifupi.

*Multimita na dayodi.* Ukiongeza dayodi ya 1N4148 na kapasita ndogo kwenye mzigo bandia, multimita ya kawaida inakuwa kipimo cha nguvu. Soma volti, ongeza 0.7, zidisha jumla kwa yenyewe, kisha ugawanye kwa 100. Ukisoma volti 21.7, redio yako inatoa wati 5. Dayodi hiyo isivushwe wati 10. Juu ya hapo tumia inayohimili volti kubwa zaidi.

*Mita ya SWR.* Huonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachorudi kutoka antena. Namba zake zisikutishe. SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu, ya 2 asilimia 11, na ya 3 asilimia 25. Lakini mita iliyo mezani inaweza kudanganya. Katika mita 2, koaksi ya RG-58 yenye urefu wa mita 30 hupoteza kama desibeli 6. Antena mbovu yenye SWR ya 3 huko juu itaonekana ya 1.3 mezani, kwa sababu nguvu inayorudi imeliwa njiani. Ukungu na mvua za huku hupenya kwenye konekta isiyofungwa vizuri, na koaksi iliyolowa huonyesha SWR nzuri kuliko kavu. SWR ikiboreka yenyewe bila wewe kugusa kitu, panda ukakague.

*NanoVNA.* Kifaa hiki kidogo kimebadilisha maisha ya mwanaridhaa mwenye pesa kidogo. Kinapima antena, koaksi na filta. Kabla ya kila kipimo kisawazishe kwa vifuniko vyake vitatu, kilicho wazi, kilichounganishwa kwa mkato (short) na cha omu 50, ukiwa umeweka adapta zote utakazotumia. Kupima koaksi, acha ncha ya mbali wazi na usome nguvu inayorudi: desibeli 4 maana yake ni kwamba njia moja inapoteza desibeli 2. Kupima filta ya kukata juu ya megahezi 30, iunganishe kati ya milango miwili: hadi megahezi 30 ipoteze chini ya desibeli 1, na kufikia megahezi 88 iwe imezuia 50 au zaidi. Filta ya kristali usiipime hivyo, kwa kuwa omu zake si 50 na picha itakuwa ya uongo. Ipime ikiwa ndani ya redio: fungua sauti mahali penye kelele tupu, weka simu yenye programu ya kuchora masafa ya sauti mbele ya spika, na umbo la filta litajichora.

*TinySA na kipunguza nguvu.* TinySA, kifaa kidogo cha kuchanganua masafa, huonyesha hamoniki zako. Mlango wake haupaswi kupewa zaidi ya miliwati 10. Redio ya wati 5 ipitie kipunguza nguvu cha desibeli 40, ya wati 100 cha desibeli 60, na hatua ya kwanza ya kipunguza iwe inahimili wati zote. NanoVNA usiirushie kabisa. Na kabla ya kuunganisha kifaa chochote kati ya hivi na antena iliyo nje, gusisha waya wa antena kwenye ardhi kwanza, kwa maana mawingu ya mchana huuchaji waya mrefu hata pasipo radi. Radi ikisikika, chomoa kila kitu.

Mizani ya bure hewani

Kuna chombo cha kupima filta ambacho hakiuzwi. Mradi wa kimataifa wa vinara vya redio, unaoendeshwa na wakfu wa NCDXF pamoja na IARU, una vituo 18 vinavyopokezana katika megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kila kimoja huwa na sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika 3. Kinara hutuma alama yake ya wito na mstari mmoja kwa wati 100, kisha mistari mitatu kwa wati 10, wati 1 na wati 0.1. Kila hatua ni desibeli 10 kamili.

Katika 14.100, ukihesabu tangu saa kamili, Sri Lanka (4S7B) huanza dakika 1 na sekunde 30, Afrika Kusini (ZS6DN) sekunde 10 baadaye, kisha Kenya (5Z4B) na Israeli (4X6TU). Cha Kenya, kikiwa hewani, huenda usikisikie, kwa kuwa mawimbi ya bandi hii huruka juu ya walio karibu. Vingine vitatu vinatosha. Sikiliza kwa upana wa kilohezi 2.4 na uandike umesikia mistari mingapi, kisha ubadili hadi hezi 500 katika mzunguko unaofuata. Rudia kwa siku kadhaa, saa ileile. Mstari uliokuwa ukipotea ukianza kusikika, filta inafanya kazi. Usipoona tofauti, shida yako haiko kwenye upana.

Jaribio hili lifanye kwa redio ya kuazima kabla hujalipa. Lifanye tena baada ya kuweka filta, ujue umepata ulicholipia.

Ukienda kununua

Kwa rezista, dayodi, konekta na koaksi, Luthuli Avenue ya Nairobi ingali soko la kuanzia. Filta za redio mahususi mara nyingi huagizwa ng'ambo au hununuliwa kutoka kwa mwanaridhaa anayeuza vyake. Muulize muuzaji mambo manne: namba kamili ya filta, masafa yake ya katikati, upana wake katika desibeli 6 na 60, na ilitolewa katika redio gani. Asiyejua masafa ya katikati usimpe pesa. Kwa filta ya mlangoni ongeza la tano: inahimili wati ngapi, na kwa muda gani?

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja mwezi huu, kiwe mzigo bandia. Mwezi ujao, feraiti na mita ya SWR. Kisha NanoVNA, ambayo marafiki watatu wanaweza kuichangia na kuitumia kwa zamu. Filta ya Morse ifuate, na tinySA iwe ya mwisho, isipokuwa unatengeneza mitambo yako mwenyewe. Anayefuata mpangilio huu ataokoa pesa, atawaacha majirani wasikilize redio zao kwa amani, na siku atakayonunua filta atakuwa anajua kwa namba ni kwa nini ameinunua.